Kichocheo Hakikuwa Tatizo: Kisa cha Kiwanda cha Methanoli cha Svartsengi

Kusini-magharibi mwa Iceland, kwenye rasi ya Reykjanes, kuna bwawa la maji ya buluu yenye weupe ambalo watalii hutoka mbali kuja kuoga. Maji hayo si ya chemchemi. Ni masalio ya kituo cha umeme wa jotoardhi cha Svartsengi, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1976. Maji moto ya chumvi hupanda kutoka chini ya miamba, hunyang'anywa nguvu zake, kisha humwagwa juu ya mawe ya volkano, na bwawa likajiunda lenyewe. Masalio mengine ya kituo hicho hayaonekani kwa macho. Mvuke ukipozwa ukarudi kuwa maji, hubaki gesi ambazo hazigeuki maji, na sehemu kubwa ya gesi hizo ni hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Kwa miaka mingi ziliachwa ziende zake angani.

Kampuni ya Carbon Recycling International, iliyoanzishwa Iceland mwaka 2006, ikaona mali pale. Wazo lake lilikuwa fupi: gesi ipo, umeme upo, maji yapo, basi hewa ukaa ichanganywe na hidrojeni iliyotolewa kwenye maji, itoke methanoli, alkoholi nyepesi kuliko zote, ambayo injini inaweza kuichoma. Ujenzi ukafuata, na kufikia 2012 kiwanda kilikuwa kinafanya kazi. Kikapewa jina la George Olah, mkemia mzaliwa wa Budapest aliyekimbia Hungaria baada ya maasi ya 1956, akafikia Kanada, halafu Marekani, akapata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1994. Nobeli hiyo ilitokana na kazi nyingine kabisa, lakini miaka yake ya mwisho, mpaka alipofariki 2017, aliitumia sana kuwashawishi watu kwamba dunia inaweza kuendeshwa kwa methanoli badala ya petroli.

Kwa vipimo vya viwanda vya kemikali, kilikuwa kiwanda kitoto. Kilianza na uwezo wa tani 1,300 kwa mwaka, na kilipopanuliwa mwaka 2015 kikafika tani 4,000. Kiwanda kikubwa cha siku hizi kinachotengeneza methanoli kwa gesi asilia hupita tani milioni moja kwa mwaka, maana yake kazi ya Svartsengi ya mwaka mzima ni kazi yake ya siku moja na nusu. Hata hivyo kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kuliko vile vikubwa, kwa sababu hapa ndipo jambo lililokuwa likizungumzwa maabara lilipotoka nje likauzwa kwa malori na meli. Na kila ninaposoma habari za aina hii naona swali linalogombaniwa ni moja, kichocheo gani (kitu kinachoharakisha muungano wa kemikali bila chenyewe kuliwa) kimegunduliwa, ilhali Svartsengi inaonyesha kwamba ugumu uko kwingine.

Ndani ya kinu

Tuanze na kichocheo hata hivyo, maana bila kukielewa hatutaona kwa nini hakikuwa kikwazo.

Hewa ukaa ni kaboni iliyokwisha kuungua. Imeshatoa nguvu zake, imetulia, haina haja ya kuungana na kitu. Ukiiweka chumba kimoja na hidrojeni zitakaa humo miaka. Kichocheo ni mshenga: huzikutanisha pande mbili zisizotazamana, ndoa ikishafungwa yeye huondoka mikono mitupu akaenda kuzikutanisha nyingine. Katika kinu cha methanoli, yaani chombo ambamo gesi huunganishwa, mshenga ni shaba, iliyovunjwavunjwa kuwa chembe ndogo sana, zimetenganishwa na oksidi ya zinki, zote zikiwa zimeshikiliwa na alumina, yaani oksidi ya aluminiamu. Molekuli moja ya hewa ukaa na tatu za hidrojeni hutoa molekuli moja ya methanoli na moja ya maji.

Mchanganyiko huo wa shaba, zinki na alumina haukubuniwa Iceland wala haukubuniwa kwa ajili ya hewa ukaa. Methanoli ya viwandani ilianza Leuna, Ujerumani, mwaka 1923, ambapo kampuni ya BASF ilitumia oksidi za zinki na kromu. Kichocheo hicho kilikuwa kigumu na kivumilivu, lakini kilidai mgandamizo wa zaidi ya mara 250 ya ule wa hewa tunayovuta. Mwaka 1966 kampuni ya ICI ya Uingereza ikaja na cha shaba, kinachofanya kazi kwenye mgandamizo wa mara 50 hadi 100 na joto la nyuzi 220 hadi 270 hivi. Gharama za mitambo zikashuka, na tangu hapo karibu methanoli yote duniani imepitia mikononi mwa shaba.

Viwanda hivyo hulishwa mchanganyiko wa monoksidi ya kaboni, hewa ukaa kidogo na hidrojeni. Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba methanoli inatokana na ile monoksidi, na kwamba hewa ukaa ni msindikizaji tu. Miaka ya 1980 wakemia wa ICI waliweka alama za mionzi kwenye kaboni ili kufuatilia ipi inaishia wapi. Kaboni iliyokutwa kwenye methanoli ilikuwa, kwa sehemu kubwa, imetoka kwenye hewa ukaa. Viwanda vilikuwa vimeigeuza hewa ukaa kuwa alkoholi kwa miaka 20 bila kujua. Kwa hiyo waliojenga Svartsengi hawakuwa wanasubiri ugunduzi. Kichocheo kilikuwa kinauzwa kwa magunia.

Kikifika kiwandani kichocheo hiki hakina mvuto wowote: ni vidonge vyeusi vya mviringo, vidogo kuliko ncha ya kidole, na weusi wake ni oksidi ya shaba ambayo bado haiwezi kazi. Vikishamiminwa ndani ya mabomba ya kinu, hupitishiwa hidrojeni kidogo kidogo huku joto likipandishwa polepole, mpaka oksidi ivuliwe oksijeni yake na shaba tupu ibaki. Hatua hii haitaki haraka. Yenyewe hutoa joto, na shaba ikipata joto kupita kiasi chembe zake hugandana zikawa chembe kubwa, uso wa kufanyia kazi ukapungua, na uso ukishapungua haurudi. Baada ya hapo kinu hakifunguliwi hovyo, kwa sababu shaba ile iliyo laini hivyo ikikutana na hewa huwaka.

Kazini kuna mambo mawili yanayosumbua. La kwanza ni kwamba muungano wenyewe haukamiliki. Kwa nyuzi 250 na mgandamizo wa mara 50, gesi ikipita kinuni mara moja, inayogeuka haizidi robo hivi. Ukipunguza joto, kanuni za kemia zinakuruhusu kupata zaidi, lakini kichocheo kinakuwa mzito. Ukiongeza joto kichocheo kinachangamka, lakini methanoli inapungua na hewa ukaa inaanza kugeuka monoksidi badala yake. Dawa ya viwandani ni ya zamani: poza, kusanya kilichogeuka maji, rudisha gesi iliyobaki mwanzo, pitisha tena na tena. Compresa ya kuizungusha hiyo gesi hufanya kazi usiku na mchana.

La pili ni maji. Methanoli ya kawaida hutoka na maji kidogo. Inayotokana na hewa ukaa tupu, kwa kila kilo 64 za methanoli zinatoka kilo 36 za maji. Maji hayo hukalia nafasi za shaba, hupunguza kasi, na baada ya muda husaidia chembe kugandana. Baadaye hudai kutenganishwa kwa kuchemshwa ndani ya mnara mrefu, na kuchemsha kunataka joto. Svartsengi joto ni la bure, mvuke uko jirani. Kiwanda kingine kingelilipia.

Kuna afueni moja pia ambayo haitajwi sana. Kutengeneza methanoli kwa monoksidi kunatoa joto karibu maradufu ya kuitengeneza kwa hewa ukaa, kilojuli 91 dhidi ya 50 hivi kwa moli. Kinu cha hewa ukaa ni rahisi zaidi kukidhibiti, na takataka zake nyingine ni chache. Kwa hiyo upande wa kinu, waliochagua hewa ukaa hawakupata mzigo wa kutisha.

Gesi yenye uvundo

Gesi ya Svartsengi haiji safi. Ndani yake mna sulfidi ya hidrojeni, ile inayonuka yai viza, na salfa ni sumu ya shaba. Sehemu moja kwa milioni tayari ni nyingi mno kwa kichocheo hiki, kwani kila chembe ya salfa inayotua juu ya shaba haiondoki. Ndiyo sababu vichocheo vya shaba vilichelewa kuingia viwandani: vilijulikana kabla ya 1966, lakini gesi zilizotokana na makaa ya mawe zilikuwa chafu na njia za kuzisafisha zilikuwa duni. Iceland ilibidi gesi ipite mitambo ya kuosha kabla haijakanyaga kinuni, na mtambo wa kuosha ni chuma, pampu, dawa na mtu wa kuusimamia.

Anayesema gesi hii ni ya bure, kwa hiyo, anasema nusu ya habari. Lakini ukilinganisha na kuichuja kutoka hewani, ambako katika kila molekuli milioni moja za hewa, hewa ukaa ni 420 na ushee tu, gesi iliyokwisha kukusanyika kwenye bomba moja ni bahati kubwa.

Hidrojeni ndiyo iliyokula fedha

Tupige hesabu ya tani moja ya methanoli. Inataka tani 1.375 za hewa ukaa na kilo 189 za hidrojeni. Ukizidisha 1.375 kwa tani 4,000 unapata 5,500, na hiyo ndiyo tarakimu iliyokuwa ikitangazwa kama hewa ukaa inayomezwa na kiwanda kwa mwaka. Inakaa sawasawa mno. Tarakimu ya namna hiyo ni ya kwenye karatasi, kwa sababu kinu halisi lazima kiachie gesi kidogo nje mara kwa mara, la sivyo nitrojeni na gesi nyingine zisizoungana zingejaa kwenye mzunguko. Si udanganyifu, ila msomaji ajue anasoma uwezo wa kiwanda uliokokotolewa, si mita iliyosomwa.

Sasa hizo kilo 189. Kuipata hidrojeni kwa kupitisha umeme kwenye maji kunakula kati ya kilowati-saa 50 na 55 kwa kilo. Tani moja ya methanoli, basi, imebeba kilowati-saa 9,500 hadi 10,400 kabla hujawasha compresa wala pampu. Na tani hiyo ikichomwa inarudisha joto la kilowati-saa 5,500 hivi. Karibu nusu imekwisha kupotea kabla chombo hakijatiwa mafuta. Ukiitia kwenye injini ya gari, nayo ina upotevu wake, kinachofika magurudumuni ni kidogo sana kuliko ambacho umeme ule ule ungefikisha kupitia betri.

Mitambo ya kuchambulia maji kwa umeme ili yatoe hidrojeni pale Svartsengi ilikuwa ya megawati 6 hivi. Chukua megawati 6 kwa saa 8,000 kwa mwaka, gawanya kwa tani 4,000: unapata kilowati-saa 12,000 kwa tani. Hapo ndipo kisa chote kinapokaa. Umeme ukiwa senti 3 za dola kwa kilowati-saa, tani ya methanoli imekula dola 360 za umeme pekee. Ukiwa senti 10, imekula dola 1,200. Na methanoli ya gesi asilia imekuwa ikiuzwa kwa miaka mingi kwa dola mia tatu, mia nne, tano ikipanda. Hakuna kichocheo, hata kingekuwa cha dhahabu, kinachoweza kufuta tofauti hiyo, kwa sababu kichocheo hakipunguzi hata gramu moja ya hidrojeni inayohitajika. Hidrojeni tatu kwa kila hewa ukaa moja ni sheria ya kemia, na moja kati ya hizo tatu inaishia kuwa maji.

Ndiyo maana mahali palikuwa kila kitu. Umeme wa Iceland karibu wote ni wa maji na jotoardhi, nchi ina watu chini ya laki nne, na umeme ni mwingi kiasi kwamba viwanda vya kuyeyusha aluminiamu vimekwenda kuufuata huko. Ukihamisha kiwanda kilekile, vidonge vilevile, hadi mahali ambako umeme unatokana na makaa ya mawe, kinaanza kutoa hewa ukaa nyingi kuliko inayomeza.

Nani alinunua

Methanoli ya Svartsengi haikuwa na nafasi ya kushindana kwa bei na ya gesi asilia, ikabidi itafute soko linalolipia usafi wake. Soko hilo lilikuwa Umoja wa Ulaya, ambako sheria zinawalazimisha wauzaji wa mafuta kuchanganya sehemu ya nishati jadidifu, na viwango vya petroli vinaruhusu methanoli hadi asilimia 3. Ikapewa jina la biashara, Vulcanol, na sehemu yake ikasafirishwa hadi Uholanzi. Nyingine ilitumika kutengenezea dizeli ya mimea, ambayo haiwezi kutengenezwa bila methanoli au ndugu yake.

Mwaka 2015 kampuni ya magari ya Geely ya China iliingiza fedha zake, na magari yake yanayotumia methanoli tupu yakapelekwa Iceland kwa majaribio. Ila Waiceland wenyewe walipoamua kuacha petroli walikwenda kwenye magari ya umeme, na hesabu ya hapo juu inaeleza kwa nini. Methanoli ina nusu tu ya nguvu za petroli kwa lita, lakini ni kimiminika, inakaa kwenye tangi la kawaida, haihitaji kugandishwa wala kubanwa. Sifa hiyo inathaminiwa zaidi na meli kuliko magari. Mwaka huohuo wa 2015 feri ya Stena Germanica, inayokwenda kati ya Göteborg na Kiel, ilibadilishiwa injini ili itumie methanoli, na mwaka 2023 kampuni ya Maersk ikazindua Laura Mærsk, meli ya makontena ya kwanza ya aina hiyo.

Je, hewa ukaa ilipungua?

Hapa ndipo wapiga debe na wapinzani hutupiana maneno bila kusikilizana. Kampuni ilieleza kwamba mafuta yake yanapunguza uchafuzi kwa zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na petroli. Hoja yake: gesi ile ingetoka angani tu, sasa kabla ya kutoka imepitia kwenye injini ikafanya kazi, na petroli ya kiasi hicho imebaki kisimani. Ni hoja ya kweli, mradi ukubali maneno mawili yaliyomo ndani yake. Kwanza, kwamba gesi ingetoka vyovyote vile. Pili, kwamba petroli kweli ilibaki kisimani.

Kaboni yenyewe haikuzikwa. Ilicheleweshwa wiki kadhaa, ikatokea kwenye bomba la moshi huko Ulaya.

Na Iceland kuna jibu lingine la swali hilohilo, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Svartsengi. Kwenye kituo cha jotoardhi cha Hellisheiði mradi wa CarbFix ulianza mwaka 2012 kuyeyusha hewa ukaa kwenye maji na kuisukuma chini kwenye mawe ya basalti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi iliyoingizwa katika majaribio iligeuka mawe kwa muda usiofika miaka miwili. Hakuna hidrojeni inayohitajika, na umeme ni wa kusukuma pampu. Ukiniuliza kwa tani ya hewa ukaa na kwa kilowati-saa, Hellisheiði inaishinda Svartsengi kwa mbali. Lakini CarbFix haitoi kitu cha kuweka kwenye tangi la meli, na meli bado zinatembea. Kinachogombaniwa ni umeme: uende wapi kwanza. Mimi ningeuweka kwanza kwenye kazi ambazo nyaya zinaweza kuzifikia, na methanoli niibakizie bahari.

Umoja wa Ulaya nao umeweka mpaka. Kanuni zake za mwaka 2023 zinasema mafuta yanayotumia hewa ukaa ya viwanda vya makaa na mafuta yatahesabiwa kuwa safi kwa muda tu: mpaka 2036 kwa gesi ya vituo vya umeme, mpaka 2041 kwa viwanda vingine. Baada ya hapo inatakiwa itoke hewani, kwenye mimea, au kwenye vyanzo vya ardhini vilivyokuwa vikiitoa vyenyewe.

Watoto wa Svartsengi

Teknolojia ikahama kwenda China, na namna ilivyohama inathibitisha ninachosema. Mwishoni mwa 2022 kiwanda cha Shunli kilianza kazi Anyang, mkoa wa Henan, kwa njia ya kampuni ileile ya Iceland: tani 110,000 za methanoli kwa mwaka, tani 160,000 za hewa ukaa. Ni zaidi ya mara 27 ya ukubwa wa Svartsengi. Mwaka uliofuata kikafuata kingine Lianyungang, mkoa wa Jiangsu, chenye uwezo wa tani 100,000. Kinu kilikua bila shida. Kilichoachwa Iceland ni mitambo ya kuchambulia maji kwa umeme. Anyang inatumia hidrojeni iliyomo kwenye gesi za matanuri ya kuokea makaa ya mawe, gesi ambayo ipo tayari. Yaani mara tu kampuni ilipotaka ukubwa, ilichukua kichocheo na kinu, ikaiacha ile sehemu iliyokuwa inakula fedha. Methanoli inayotoka si ya jotoardhi tena. Hidrojeni yake ni ya makaa ya mawe yaliyobanwa kutoa kila kilichomo.

Denmark wamekwenda njia nyingine. Kiwanda cha Kassø, kilichozinduliwa Mei 2025, kinatumia mitambo ya kuchambulia maji ya megawati 52 hivi karibu na shamba la sola la megawati 304, na hewa ukaa yake inatokana na biogesi. Uwezo wake ni hadi tani 42,000 kwa mwaka, na Maersk ni miongoni mwa wateja. Kinafuata roho ya Svartsengi, lakini jua la Denmark halitoki usiku, na kinu cha methanoli hakipendi kuwashwa na kuzimwa. Mvuke wa ardhini ulikuwa hautaki kujua ni saa ngapi.

Ingawa nao una ghadhabu zake. Novemba 2023 mji wa Grindavík, jirani na Svartsengi, uliondolewa watu usiku kwa sababu ya matetemeko, na tangu Desemba mwaka huo volkano imelipuka mara kadhaa kwenye eneo hilo. Kuta za udongo na mawe zilijengwa kukizunguka kituo. Februari 2024 lava ilikata bomba la maji moto na maelfu ya nyumba zikakosa joto katikati ya baridi kali.

Kuhusu habari zinazosambaa

Oktoba 2016 maabara ya Oak Ridge, Marekani, ilitangaza kwamba shaba iliyopandikizwa kwenye miiba midogo ya kaboni imegeuza hewa ukaa iliyoyeyushwa kwenye maji kuwa ethanoli kwa umeme moja kwa moja, na kwamba asilimia 63 ya umeme uliopita uliishia kwenye ethanoli. Habari ikazunguka dunia, ikarudi tena kila baada ya miezi kadhaa kana kwamba ni ya jana. Ni kazi nzuri ya sayansi. Ethanoli ni ngumu kuliko methanoli kwa sababu inadai kaboni mbili zishikane, na shaba ni metali ya pekee kati ya zile za kawaida inayoliweza hilo. Lakini kutoka kwenye kipande cha maabara hadi kinu kuna kasi ya uzalishaji, uimara wa miaka, na kuitenganisha ethanoli na maji mengi. Anayesoma kichwa cha habari cha namna hii aulize kwanza: ni umeme kiasi gani kwa lita, na kichocheo kilidumu saa ngapi?

Na kwetu?

Uhusiano wa Iceland na Afrika Mashariki katika jotoardhi ni wa kweli na wa siku nyingi. Wahandisi wengi wa Kenya wamesomea huko kupitia programu ya mafunzo iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, na Olkaria, karibu na Naivasha, imekuwa ikitoa umeme tangu 1981. Hewa ukaa ya ardhini pia tunayo. Kereita, kaunti ya Kiambu, inavutwa kutoka visimani kibiashara, na Rungwe mkoani Mbeya kampuni ya TOL inafanya hivyohivyo. Wengi wetu tumeinywa bila kujua, kwenye soda.

Lakini anayetaka kuandika andiko la mradi wa kiwanda cha methanoli Rungwe au Naivasha asianze na kichocheo. Aanze na bei ya kilowati-saa langoni mwa kiwanda, kwa miaka 15, usiku na mchana. Ile hesabu ya kilowati-saa 12,000 kwa tani haibadiliki kwa kuvuka ikweta. Akishalijibu hilo aangalie gesi. Hewa ukaa ya Mbeya ina mnunuzi tayari, na kama mnunuzi huyo analipa tuseme dola 200 kwa tani, kila tani ya methanoli imebebeshwa dola 275 za gesi juu ya umeme.

Jambo moja litakalomsubiri ambalo Waiceland hawakuwa nalo kwa kiwango chetu ni ulevi. Methanoli inanuka kama spiriti, inalewesha kama spiriti, na mwilini hugeuka asidi ya fomiki inayoua mishipa ya macho kabla haijamuua mtu. Kenya imezika watu wengi kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, Nairobi mwaka 2000 na kaunti kadhaa Mei 2014. Kiwanda cha tani 4,000 maana yake ni malori ya kimiminika hicho barabarani kila wiki, na dereva mmoja mwenye kiu ya fedha na mtungi wa lita 20 anatosha. Kwenye bajeti ya mradi, rangi na dawa ya uchungu ya kutiwa kwenye kila lita, lakiri za matangi, na ankara ya ulinzi kutoka kinuni hadi melini, ziandikwe ukurasa uleule wa mitambo ya umeme.